Sura ya Mwendesha Bodaboda: Picha za Nairobi na Chicago Zikitazamwa kutoka Kijiweni Bariadi

Katika vyuo vyetu vya theolojia mwanafunzi hutumia miaka mingi akijifunza kuhakiki maandishi. Hufundishwa kuuliza nani aliyeandika, aliwaandikia kina nani, kwa shabaha gani, na ni jambo lipi ambalo mwandishi aliliacha kwa makusudi. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipewa picha huitazama kwa nusu dakika, akasema ni nzuri au ni mbaya, kisha akaiweka chini. Nadhani hili ni pengo kubwa katika malezi ya watumishi. Washarika wetu, hasa vijana, wanaishi katikati ya picha tangu wanapoamka mpaka wanapolala, na picha hizo huwahubiria bila kungojea Jumapili.

Makala hii inakusudia kuhakiki kazi mbili za upigaji picha wa mitaani, zote mbili zikiwahusu vijana waliojijengea maisha juu ya pikipiki. Ya kwanza ilifanyika Nairobi mwaka 2016. Ya pili ilifanyika Chicago na miji jirani katika miaka ya 1960, ikachapishwa kitabu mwaka 1968. Sizitazami kutoka katika jumba la sanaa. Nazitazama kutoka Bariadi, mkoani Simiyu, mji ambao hakuna mpiga picha mashuhuri aliyeujia kwa ajili ya bodaboda zake, lakini ambao una vijiwe vya bodaboda kila kona. Swali linalonisukuma ni la kichungaji: kijana wa bodaboda anapotazamwa, anayeonekana ni nani?

Yafaa kwanza tukitazame kijiwe chenyewe. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kuzitenga wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, pamoja na eneo la Busega kutoka Mwanza, na Bariadi ukawa makao makuu. Mji uliokuwa wa wilaya ukapata ofisi za mkoa, wageni, nyumba za kulala wageni, na lami inayouunganisha na Lamadi upande wa ziwa na Maswa upande wa pili. Maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika Nyakabindi mwaka 2018, umati ule ulihitaji kusafirishwa, na waliousafirisha kwa sehemu kubwa ni vijana wa pikipiki. Kabla yao walikuwapo wenye baiskeli. Usukumani baiskeli ya abiria haikuwa jambo la aibu, na hata leo mjini Shinyanga na vijijini utaiona, kiti cha nyuma kimeshonewa sponji na nguo ya rangi, miguu ya abiria ikiwekewa mahali pa kukanyaga. Pikipiki ilirithi mapambo hayo pamoja na wateja.

Msomaji anayepita karibu na stendi, sokoni au mbele ya hospitali ya Somanda atawaona wamepanga pikipiki zao kwa mstari, magurudumu ya mbele yakielekea barabarani. Tangi limefunikwa kava la ngozi bandia. Usukani umefungiwa nyuzi za rangi zinazopeperuka. Kwenye madigadi ya nyuma pameandikwa maneno: jina la mtoto wa kwanza, jina la Mungu, kejeli kwa mwenye wivu, au jina la utani ambalo mwenye pikipiki amejipa na ambalo kijiweni linatumika kuliko jina la ubatizo. Kando ya picha ya Yesu iliyobandikwa utaona nembo ya Simba au ya Yanga. Kizibao cha kung'aa alichovaa kimechapwa nembo ya kampuni ya simu au jina la mgombea wa uchaguzi uliokwisha pita. Kijiwe kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kina mfuko wa kuzikana.

Mtu aliyeyajua mambo ya Wasukuma hatashangaa. Kwa vizazi vingi vijana wa nchi hiyo walikuwa na vyama vyao vya kazi na vya ngoma. Kiongozi wa vijana wa kijiji aliitwa nsumba ntale, na utii aliopewa haukuwa mdogo. Vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilishindana kila mwaka baada ya mavuno, kila kimoja na mavazi yake, nyimbo zake, dawa zake na watunzi wake, na mshindi alikuwa yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Sisemi kwamba kijiwe ni chama cha ngoma kilichobadilika umbo. Hoja ya namna hiyo huandikwa upesi na kuthibitishwa kwa shida. Nasema tu kwamba kijana kujipamba ili umati umgeukie, akiwa na wenzake na chini ya kiongozi, si uhuni ulioletwa na pikipiki kutoka India na China.

Hata hivyo mapambo yasitufanye tusahau hesabu. Neno hesabu, kijiweni, lina maana moja: fedha ambayo mwendeshaji anampelekea mwenye pikipiki kila jioni au kila juma, abiria wawepo wasiwepo. Wengine wako kwenye mkataba, yaani hulipa kwa mwaka mmoja au zaidi mpaka pikipiki iwe yao, na bei waliyolipa mwishoni huizidi sana ile ya dukani. Miezi ya kuuza pamba, kuanzia Mei, abiria ni wengi na hesabu hupatikana mapema. Pamba ikiisha, kijana hulazimika kukesha. Anayekesha husinzia, na anayesinzia barabara ya Lamadi huishia Somanda au Bugando. Katika hospitali nyingi nchini watu wamezoea kuiita wodi ya mifupa wodi ya bodaboda, na jina hilo hutamkwa kwa kicheko ambacho sijakizoea.

Sasa tuitazame kazi ya Nairobi. Mpiga picha Jan Hoek wa Uholanzi alishirikiana na mbunifu wa mavazi Bobbin Case, mwenye asili ya Uganda na Kenya, katika mfululizo walioupa jina Boda Boda Madness. Walivutwa na jambo lile lile tulilolieleza: jinsi waendeshaji wa Nairobi wanavyozipamba pikipiki ili kumvuta abiria katika mji wenye ushindani mkali. Ikumbukwe kwamba Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na tangu hapo idadi yake iliongezeka kwa kasi kubwa. Hoek na Case waliwachagua waendeshaji saba ambao pikipiki zao zilikuwa na mapambo ya kupindukia. Case akambunia kila mmoja vazi linalolingana na pikipiki yake, na Hoek akawapiga picha wakiwa wamevaa hivyo, mtu na chombo chake wakiwa kama kiumbe kimoja.

Picha hizi ni za furaha, na mhakiki asione haya kusema hivyo. Rangi zake ni kali. Mwendeshaji amesimama kama shujaa wa sinema, hana unyonge hata kidogo. Tumezoea picha za vijana maskini wa Afrika ambazo huwaonyesha wameinamisha vichwa, macho yakiomba; hapa kijana anamtazama mtazamaji kutoka juu. Kadhalika vazi halikubuniwa kutoka hewani. Case alifuata wazo ambalo mwendeshaji mwenyewe alikuwa amelianza kwenye pikipiki, akalikamilisha. Kwa maelezo ya Hoek, waendeshaji waliendelea kuyavaa mavazi hayo kazini baada ya picha kupigwa, na mapato yao yakaongezeka. Kama ndivyo, basi kazi hii iliacha kitu mkononi mwa waliopigwa picha, jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa kazi nyingi za wapiga picha wageni.

Wako watakaosema kwamba hii si picha ya hali halisi, kwa kuwa watu wamevalishwa. Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Afrika ina mapokeo marefu ya picha ambayo ndani yake mtu huja kupigwa jinsi anavyotaka kuwa. Seydou Keïta, katika studio yake mjini Bamako, aliwawekea wateja vitu vya kujishikia, redio, saa, hata pikipiki ndogo, na Malick Sidibé baada yake akawapiga vijana wa mji huo wakiwa wamekalia pikipiki kama wafalme. Karibu na sisi zaidi, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda ambavyo nyuma yake palichorwa meli, ndege na majumba, na msafiri aliyetoka bara alipigwa akiwa mbele ya ndege ambayo hakuwahi kuipanda. Je, picha ile ilikuwa uongo? Mama aliyeipokea kijijini alijua vizuri kwamba ile ni karatasi iliyochorwa. Alichokisoma ndani yake ni kwamba mwanawe yu hai, amevaa vizuri, na ana shauku ya kwenda mbali. Huo ulikuwa ukweli.

Tofauti iko mahali pengine. Mteja wa Likoni alilipa, akaichukua picha, akaipeleka alikotaka. Picha ya Nairobi ilielekezwa tangu mwanzo kwenye majumba ya sanaa na kurasa za magazeti ya mbali, kwa watazamaji ambao hawatapanda bodaboda ile wala hawatamdai mwendeshaji chenji. Na kwa ajili ya watazamaji hao vitu vitatu vimeachwa nje. Abiria hayupo, wala mwenye pikipiki anayengojea hesabu. Jeraha pia halipo. Ukizitazama picha zile zote saba huwezi kujua kwamba kazi hii inavunja miguu. Hata jina la mfululizo, lenye neno la Kiingereza la wazimu, linamwalika mtazamaji acheke pamoja na mpiga picha. Kijana ameinuliwa juu sana, lakini ameinuliwa peke yake, bila deni lake.

Kwa sababu hiyo naiweka kando yake kazi ya Danny Lyon. Lyon alizaliwa New York mwaka 1942, akasoma historia katika Chuo Kikuu cha Chicago, na akiwa bado kijana akaenda kusini mwa Marekani kupiga picha za harakati za haki za raia kwa niaba ya kamati ya wanafunzi iliyoziongoza. Baadaye alijiunga na chama cha waendesha pikipiki cha Chicago kilichoitwa Outlaws, yaani waliotupwa nje ya sheria. Hakuwapiga picha akiwa kando ya barabara. Alikuwa na pikipiki yake, akasafiri nao, akaketi nao katika mabaa na katika mbio za pikipiki, akabeba pia kinasa sauti. Kitabu chake cha mwaka 1968, The Bikeriders, kina picha zisizo na rangi, na baada ya picha huja maneno ya wenyewe yaliyonukuliwa kutoka katika kinasa sauti hicho. Mwaka 2023 kitabu hicho kilizaa filamu iliyowafanya watu wengi wakikumbuke upya, ingawa filamu hiyo sikusudii kuizungumzia hapa.

Picha inayojulikana kuliko zote katika kazi hiyo ilipigwa mwaka 1966 juu ya daraja la mto Ohio, huko Louisville. Mwendeshaji anavuka, hana kofia ngumu, nywele zinapeperuka, na amegeuza kichwa kutazama alikotoka. Ni picha nzuri mno, na uzuri wake una hatari ile ile tuliyoikuta Nairobi: kijana anayeitazama atatamani daraja, hatafikiria kichwa kisicho na kofia. Lakini Lyon hakuiacha picha hiyo peke yake. Katika kitabu hicho hicho kuna picha ya mazishi ya mwendesha pikipiki huko Detroit. Tena kuna maneno ya mke wa mmoja wa wanachama, ambayo yanachukua nafasi kubwa, na ambayo hayana utukufu wowote. Anasimulia jinsi anavyoishi na mtu anayependa barabara kuliko nyumba. Msomaji anayefika mwisho wa kitabu hawezi kusema kwamba alifichwa gharama.

Kasoro za Lyon pia zionekane. Aliwapenda watu wake kupita kiasi, na kwa muda mrefu kitabu kinaushangilia uasi bila kuuhoji. Outlaws hawakuwa vijana wa kazi. Pikipiki ilikuwa starehe yao na bendera yao, walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha, na baadhi yao walichezea alama za Kinazi kama mapambo, jambo ambalo Lyon mwenyewe baadaye alisema lilimchukiza. Kumlinganisha kijana wa Bariadi na hao bila tahadhari ni kumdhulumu. Yeye pikipiki ndiyo chakula cha watoto wake. Mwaka 2010 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za kuitambua pikipiki kuwa chombo cha abiria, na siku hizi viongozi wakiwa jukwaani huwaita waendeshaji maafisa usafirishaji. Cheo hicho vijana wenyewe hukitumia, nusu kwa fahari, nusu kwa mzaha. Mtu anayetafuta kuingizwa ndani ya sheria si sawa na mtu aliyejiita mtu wa nje ya sheria.

Kwa hiyo tuna kazi mbili, moja inayomtukuza kijana na nyingine inayomfuata mpaka kaburini. Mwanatheolojia wa Kilutheri anazipima kwa kipimo gani? Naona tunavyo viwili, na ugumu wote uko katika kuvishika vyote kwa pamoja.

Kipimo cha kwanza ni Amri ya Nane kama Luther alivyoieleza katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo kila mwanafunzi wa kipaimara ameikariri. Luther hakuishia kukataza uongo juu ya jirani. Alitudai tumtetee, tumseme vema, na kila alitendalo tulifasiri kwa upande ulio mwema. Kwa kipimo hiki kazi ya Hoek na Case inapata alama nyingi. Imemsema vema kijana ambaye mji mzima unamsema vibaya. Imeyaona mapambo yake, ambayo askari wa barabarani huyaona kuwa upuuzi na mzee wa kanisa huyaona kuwa kiburi, ikayafasiri kuwa ubunifu na bidii.

Kipimo cha pili kinatoka Heidelberg, Aprili 1518. Hapo Luther alimtofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba, na tofauti aliyoitaja ni ya lugha: wa kwanza huliita ovu jema na jema ovu, wa pili hukitaja kitu kwa jinsi kilivyo. Kwa kipimo hiki Lyon anasonga mbele. Ametaja mazishi kuwa mazishi na nyumba yenye upweke kuwa nyumba yenye upweke, na hakuwapunguzia hadhi aliowapiga picha kwa kufanya hivyo.

Wanafunzi huniuliza kama vipimo hivi viwili havipingani: mmoja unasema fasiri kwa wema, mwingine unasema usipake rangi. Vingepingana kama wema ungekuwa ni kuficha. Lakini Amri ya Nane inamhusu jirani, na jirani hawezi kutetewa na mtu asiyejua kinachomwumiza. Anayemtetea kijana wa bodaboda mbele ya mahakama ya mji lazima aseme ni kwa nini anakimbia saa nane usiku, na jibu liko katika hesabu. Mtetezi anayeiacha hesabu nje ya picha amemwacha mteja wake bila ushahidi. Kwa maoni yangu, basi, picha ya Nairobi haikukosea kumpamba kijana. Ilikosea kukata kingo za picha mahali ilipozikata.

Lakini kabla hatujawahukumu wapiga picha hawa, tuulize Kanisa lenyewe limewapiga picha za namna gani vijana. Wamisionari wa Leipzig waliofanya kazi Kilimanjaro, Meru na Upare waliacha maelfu ya picha, na nyingi leo zinaweza kutazamwa katika hifadhi ya picha za misheni inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California. Ni hazina, na anayeandika historia ya Kanisa letu asiipuuze. Hata hivyo mara nyingi maelezo chini ya picha humtaja mmisionari kwa jina na ukoo, na Mwafrika aliyesimama kando yake huitwa kijana, mwalimu au mpagani. Tulirithi tabia hiyo. Fungua taarifa za miradi tunazowapelekea marafiki wetu wa ng'ambo: vijana wa karakana, vijana wa semina ya ujasiriamali, vijana waliopokea kofia ngumu. Majina hayapo. Askofu anatajwa, mfadhili anatajwa, na hata idadi ya kofia inatajwa.

Kuna picha nyingine tunazozishiriki bila kuziita za Kanisa. Ajali inapotokea, kabla majeruhi hajafikishwa hospitali, mwili wake umekwisha kusambazwa katika simu za mji mzima, na makundi ya kwaya na ya wazee wa usharika hayakosi kuupokea na kuutuma mbele, pengine na maneno ya onyo kwa vijana. Hiyo nayo ni picha ya mitaani, na mtu anaweza kusema ni ya hali halisi kabisa. Lakini haitimizi kipimo hata kimoja. Haimtetei jirani, na wala haisemi ukweli wake, kwa kuwa inamwonyesha tu dakika ile ambayo hakuwa na uwezo wa kujifunika. Hoek aliwaacha nje waliojeruhiwa. Sisi tumewaacha nje wote isipokuwa waliojeruhiwa. Kwa kulinganisha, dhambi yetu naiona kuwa kubwa zaidi.

Wakatoliki wa Usukumani walilikabili swali linalofanana na hili mapema kuliko sisi. Wamisionari wa kwanza kwa kawaida walizikataza ngoma za Bagika na Bagalu kwa sababu ya dawa zake. Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, alichukua njia nyingine huko Bujora karibu na Mwanza: alizikusanya alama za Wasukuma ndani ya kanisa na makumbusho, na wachezaji wakashindana katika sikukuu ya Ekaristi chini ya macho ya Kanisa badala ya kujificha. Mtu anaweza kuwa na mashaka ya kitheolojia juu ya baadhi ya aliyoyafanya, nami ninayo. Lakini alifanya jambo moja ambalo mhakiki wa picha analiheshimu: aliyatazama mapambo kwa muda mrefu kabla ya kuyatolea hukumu.

Haya si mambo ya nadharia kwa mchungaji wa Simiyu. Yanamfikia siku ya mazishi. Mwendeshaji akifa, wenzake wa kijiwe huusindikiza mwili kwa msafara, pikipiki zikifungwa matawi ya miti, honi zikilia njia nzima, na wengine wakiendesha kwa namna ambayo mchungaji anahofu itazaa mazishi ya pili. Wachungaji wengine hutuma mzee wa kanisa awazuie mbali na lango. Wengine huwaruhusu mpaka lango, kisha honi zinyamaze liturgia inapoanza, na mwenyekiti wa kijiwe hupewa nafasi ya kusema kabla ya mwili kushushwa. Njia ya pili naiona kuwa bora, ingawa najua haiwi rahisi mbele ya mama anayelia.

Kisha liko suala la picha inayowekwa juu ya jeneza na baadaye kubandikwa msalabani. Familia mara nyingi huwa na picha mbili tu. Ya kwanza ni ya pasipoti, iliyopigwa kwa ajili ya leseni: mandhari ya bluu, shingo imekazwa, macho ya mtu anayeogopa kuharibu karatasi na kulipa mara ya pili. Ya pili imetoka katika simu ya mwenzake: marehemu amekaa juu ya pikipiki iliyooshwa, miwani ya jua usoni, mguu mmoja chini, na jina lake la utani likisomeka kwenye madigadi. Wazee wa usharika huwa na mwelekeo wa kuchagua ile ya kwanza, wakisema ndiyo ya heshima. Mjane, akiulizwa, huchagua ya pili. Nilipata kumsikia mmoja akieleza sababu yake kwa wazee hao. Alisema mumewe siku hiyo alikuwa amemaliza mkataba, pikipiki ilikuwa ya kwake kwa mara ya kwanza, na kabla ya kupigwa picha alilifuta tangi kwa shati alilokuwa amelivaa.